Kumchagulia mzee mashine ya kusikia ukiwa Tabora au Kigoma

Mzee akianza kufungulia redio mpaka jirani anapata taarifa ya habari asiyoiomba, familia nyingi hukimbilia kuuliza bei ya mashine. Bei ni swali la tatu. Kwanza ujue kwa nini hasikii, kisha ujue ni kwa kiasi gani hasikii. Na kabla hujatoa shilingi moja, ujue nani ataishika mashine hiyo ikianza kupiga mluzi baada ya miezi minne. Mashine nyingi zinazolala kabatini ni nzima kabisa. Zimewekwa pembeni kwa sababu kipande cha sikioni kilimuumiza mwenyewe, au betri ziliisha na duka liko mbali, au hazikuwahi kupangwa kufuata sikio lake. Hayo matatu huwapata waliopewa bure na waliolipa mamilioni vilevile. Ndiyo maana hapa tunaipima kila njia kwa huduma inayofuata baada ya kuvaa.

Tumemwandikia anayemhudumia mzee. Mzee anayejisomea mwenyewe abadilishe tu "yeye" iwe "mimi".

Hatua ya 1: Hakikisha ni uzee kweli

Usikivu wa uzeeni hupungua polepole, miaka kwa miaka, masikio yote mawili kwa pamoja, na huanza na sauti nyembamba. Mzee anasikia kwamba unaongea ila hayashiki maneno. Irabu zina nguvu na zinafika. S, f, t, k na sh ni nyepesi na ndizo zinazopotea. Ukimwambia gari linaondoka saa sita anauliza, "Saa tisa?" Akili zake ziko sawa. Ni konsonanti tu hazikufika.

Kipimo cha nyumbani kinachoaminika ni cha mnong'ono. Mkalishe mahali patulivu, redio imezimwa. Simama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, yaani kama sentimita 60, ili asisome midomo yako. Aweke kidole kwenye kile kinyama kinachochomoza mbele ya tundu la sikio la upande wa pili, akikandamize na kukizungusha taratibu. Toa pumzi yote kifuani, kisha nong'ona vitu vitatu: "nne, ba, saba". Avirudie. Akikosea, nong'ona vitatu vingine tofauti. Akipata vitatu au zaidi kati ya sita, sikio hilo limefaulu. Akipata pungufu ya hapo, linahitaji kupimwa hospitali. Rudia upande wa pili kwa maneno mengine. Ile kutoa pumzi kwanza usiiruke, maana bila hiyo watu wengi hudhani wananong'ona kumbe wanaongea.

Kuna dalili ambazo hazingoji mwongozo wala nauli ya wiki ijayo. Usikivu uliopotea ghafla, ndani ya siku tatu au chini yake, ni dharura: dawa ya steroidi husaidia zaidi ikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo, na kila siku inayopita inapunguza nafasi. Vilevile sikio moja tu kushuka au kuvuma, usaha au damu, maumivu makali, kizunguzungu cha nyumba kuzunguka, au uso kupinda upande mmoja. Hao wote wamwone daktari kwanza, habari ya mashine ije baadaye.

Hatua ya 2: Toa nta, kagua dawa

Inashangaza ni wazee wangapi huandikiwa mashine wakati tundu limeziba nta. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kuchungulia kwa taa ya sikio. Kama kuna nta na ngoma ya sikio ni nzima, lainisha kwanza: matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni yasiyo ya moto, mara 3 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5, mzee akilala ubavu kama dakika tano kila mara. Kisha arudi kusafishwa. Maji ya kusafishia yawe na joto la mwili, nyuzi 37 hivi. Yakiwa ya baridi au ya moto humletea kizunguzungu papo hapo, na kwa mzee kizunguzungu maana yake ni kuanguka. Kama ngoma ina tundu au sikio liliwahi kutoa usaha, hapigwi maji wala hatiwi matone bila daktari kusema.

Njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, kifuniko cha kalamu na pamba za vijiti vinasukuma nta ndani. Asali na mawese ya moto vibaki jikoni.

Orodhesha pia dawa zote anazotumia na alizowahi kuchomwa. Gentamisini, streptomaisini na amikasini zinaweza kuua chembe za kusikia moja kwa moja. Kwinini na aspirini nyingi huleta mvumo na uziwi ambao mara nyingi huondoka dawa ikisimama. Furosemaidi ya shinikizo au moyo nayo imo kwenye orodha, hasa figo zikiwa dhaifu. Usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Peleka orodha kwa daktari.

Hatua ya 3: Pata kipimo cha maandishi

Omba barua ya rufaa kutoka kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kwa Tabora rufaa ya mkoa ni Kitete. Kwa Kigoma ni Maweni. Kabla hujapanda basi kutoka Sikonge, Kaliua, Kibondo au Uvinza, piga simu uulize mambo mawili: daktari wa masikio, pua na koo anakaa kliniki siku gani, na kipimo cha usikivu kwa mashine kinafanyika hapo au mtaelekezwa kwingine, kwa mfano Bugando, Mwanza. Simu hiyo moja inaweza kukuokolea safari nzima ya bure.

Beba kitambulisho cha taifa, kadi ya bima kama ipo, kitambulisho cha matibabu ya wazee kama alishapewa, na ile orodha ya dawa. Pita dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama za matibabu. Msamaha huo huanzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, anayeandika barua, na hukamilishwa na Afisa Ustawi wa Jamii. Usichukulie kwamba unajumuisha na mashine yenyewe. Uliza waziwazi.

Kipimo chenyewe hufanyika kwenye chumba kisichopitisha kelele, mzee akiwa na spika masikioni, akibonyeza kitufe kila anaposikia mlio hata ukiwa hafifu. Ombeni nakala ya ile karatasi ya mchoro na muitunze kama hati ya kiwanja. Alama ya duara, mara nyingi nyekundu, ni sikio la kulia. Alama ya X, mara nyingi ya bluu, ni la kushoto. Kadiri alama inavyoshuka chini ya karatasi ndivyo usikivu ulivyo mbaya.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua namba za sikio lililo zuri zaidi kwenye 500, 1000, 2000 na 4000 (hizo ni hezi, yaani wembamba wa sauti), jumlisha, gawanya kwa 4. Tuseme ni 30, 40, 50 na 60: jumla 180, wastani 45. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hadi 34 ni upungufu mdogo, 35 hadi 49 ni wa kati, 50 hadi 64 ni wa kati unaoelekea mkubwa, 65 hadi 79 mkubwa, 80 hadi 94 mkubwa sana, na 95 kwenda juu ni uziwi kamili. Mzee wa 45 anafaidika sana na mashine ya kawaida. Wa 85 anahitaji yenye nguvu kubwa na moldi, yaani kile kipande cha sikioni, iliyoziba vizuri. Aliyepita hapo na mashine hazimsaidii aulizie kupandikizwa kifaa cha kusikia, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017, ingawa si kila mzee anafaa na gharama yake ni mlima mwingine.

Karatasi yenye zaidi ya miezi sita usinunulie mashine. Pimeni upya.

Hatua ya 4: Bure au kulipia

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa, na hapa ndipo wengine wanakataa msaada mzuri kwa kuudharau.

Mashine za bure huja kwa milango mitatu. Wa kwanza ni hospitali, kupitia Ustawi wa Jamii, zikiwepo. Wa pili ni kambi za madaktari, za mashirika ya dini na ya misaada. Hizi hutangazwa na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya au mkoa, redio za mkoani na misikitini na makanisani, na mara nyingi hushika kasi karibu na tarehe 3 Machi, Siku ya Kusikia Duniani. Waandikisheni wazee mapema kwa Afisa Ustawi wa halmashauri, kwa sababu orodha huwa imejaa kabla madaktari hawajashuka kwenye gari. Wa tatu ni ndugu aliye nje anayetuma mashine ya marehemu fulani ndani ya begi la mgeni.

Kabla ya kupokea yoyote kati ya hizo, pata majibu ya haya:

- Mzee atapimwa usikivu na mashine ipangwe kwa kipimo chake, au wote wanapewa zilizopangwa sawa?
- Moldi ya sikio lake itatengenezwa, au atapewa kipira cha kawaida?
- Betri ni namba ngapi, na zikiisha zinapatikana wapi?
- Baada ya kambi kuondoka, nani Tabora au Kigoma ana kebo na programu ya kompyuta ya kuirekebisha?
- Mnarudi lini?

Majibu yakiwa mazuri, pokea bila kusita. Mashine ya bure iliyopangwa vizuri inaizidi ya bei mbaya iliyopachikwa tu. Swali la nne ndilo zito kuliko yote: kila kampuni ina programu yake, na mashine ambayo hakuna anayeweza kuifungua hapa nchini itabaki na mipangilio ya sikio la mtu wa kwanza hadi mwisho wa maisha yake. Hiyo ya begi la mgeni, basi, usimvishe mzee kabla mtaalamu hajaona jina la kampuni na namba ya toleo. Inaweza kuwa na nguvu ya kumzidi, na sauti kali kupita kiasi huua kile kidogo kilichobaki.

Mwenye bima aende dirisha la bima kabla ya kuagiza chochote, aulize kama kifurushi chake kinalipia vifaa vya usikivu, kiasi gani, kila baada ya miaka mingapi, na kama kibali cha maandishi kinatakiwa kwanza. Ukinunua kwanza ndipo ukaomba kurudishiwa, usishangae ukikataliwa.

Ukilipia mwenyewe, bei ya mashine moja huanzia mamia ya maelfu na kufika mamilioni. Tofauti hiyo inalipia zaidi mbinu za kuchuja kelele, kuunganishwa na simu, na umbo. Mzee anayekaa nyumbani, anayetembelewa na watu wawili watatu na kwenda ibada mara moja kwa wiki, hahitaji ya juu kabisa. Ya kidijitali ya kiwango cha chini, yenye maikrofoni mbili, iliyopangwa kwa kipimo, inamtosha. Mwenyekiti wa kijiji au mfanyabiashara anayeshinda sokoni kwenye kelele, huyo aongeze pesa kama anazo.

Muulize muuzaji bei inajumuisha nini, na majibu yaandikwe: kipimo, moldi, marekebisho mangapi, waranti ya muda gani, betri ngapi za kuanzia, na mashine ikiharibika inatumwa wapi na mzee atavaa nini wakati huo. Dai muda wa kujaribu, angalau wiki mbili hadi nne, na kiasi mtakachorudishiwa ikimshinda. Chukua risiti ya EFD yenye namba ya mashine. Ukitilia shaka bidhaa yenyewe, vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi ya kanda ya magharibi mjini Tabora. Ulizeni huko kama imesajiliwa.

Vile vidude vya bei rahisi vinavyouzwa mitandaoni na mezani stendi, vyenye picha ya mzee anayecheka kwenye boksi, ni vikuza sauti. Vinakuza kila kitu, sufuria na mlango na pikipiki, kwa kiwango kimoja, na vingi havina kizuizi cha sauti kali. Mwenye upungufu mdogo anaweza kupata nafuu akivitumia kusikiliza redio. Kwa mazungumzo vinamchosha, na kinachosikitisha ni kwamba mzee aliyechoshwa na kidude hicho hukataa hata mashine nzuri ikija.

Moja au mbili? Masikio yote mawili yakiwa yamepungua, mbili ni bora: anajua sauti imetoka wapi na anaelewa zaidi penye watu wengi. Pesa ikitosha moja tu, mtaalamu aangalie sikio linaloelewa maneno vizuri zaidi, kisha mkono upi wa mzee una nguvu ya kuishika.

Hatua ya 5: Umbo na betri

Tunawashauri wazee wengi mashine ya kukaa nyuma ya sikio yenye moldi. Ni kubwa kidogo, ndiyo, na mama mwenye kilemba haionekani kabisa. Faida yake ni kwamba vidole vigumu vinaishika, ina nguvu ya kutosha hata usikivu ukishuka zaidi, na sehemu inayochakaa haraka, yaani mrija, hubadilishwa kwa gharama ndogo. Zile ndogo zinazozama tundu zima la sikio hufa mapema kwa nta na jasho, na betri yake ni kama punje ya dengu. Zenye spika ndani ya tundu na waya mwembamba zina sauti nzuri, ila zina kichujio cha nta cha kubadilishwa karibu kila mwezi. Kama hakuna wa kufanya hivyo nyumbani, ziache.

Kwa vumbi la Tabora la Julai na Agosti, na unyevu wa ziwani Ujiji na Kibirizi, tafuta iliyoandikwa IP67 au IP68. Tarakimu ya 6 ni kinga ya vumbi, ya pili ni ya maji. Uliza pia nguvu yake: ibaki akiba ya desibeli 10 hadi 15 juu ya hitaji la leo, maana usikivu utaendelea kushuka.

Betri za mashine hizi hutumia hewa, ndiyo maana zina stika. Zina rangi za kimataifa: namba 10 manjano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Kwa mzee chagua 13 au 675. Ukibandua stika, iache betri wazi dakika moja hadi tano kabla ya kuifunga, hewa iingie. Ukiifunga palepale inaanza ikiwa dhaifu na kufa mapema. Ikishabanduliwa hairudi nyuma, hata ukibandika stika tena inaendelea kuisha. Namba 13 hudumu wiki moja hadi mbili. Kwa mwaka ni betri 26 hadi 52 kwa sikio moja, yaani pakiti 5 hadi 9 za betri sita sita. Kwa masikio mawili ni pakiti 9 hadi 18. Weka hesabu hiyo kwenye bajeti kabla ya kununua, na mtu anayetoka Mwanza au Dar es Salaam aagizwe za miezi mitatu, siyo za mwaka mzima, kwa sababu nazo hupitwa na muda.

Angalia mtego huu: betri ya LR44 ya fundi saa inaingia sawasawa kwenye nafasi ya 675, upana na unene ni ule ule. Mashine itawaka. Lakini si betri ya hewa, uwezo wake ni mdogo mno, na mzee atalalamika mashine imeharibika.

Za kuchaji zinawafaa wenye vidole vinavyotetemeka. Huchajiwa usiku kwa muda wa saa tatu hadi nne na kwenda siku nzima. Umeme ukikatika, kasha linalotumia waya wa USB linachajiwa kwa benki ya umeme ya simu au sola ndogo; lile la plagi ya ukutani pekee litawaacha gizani. Baada ya miaka michache betri ya ndani huchoka, kwa hiyo uliza mapema kama hubadilishwa na kwa bei gani.

Betri zote zikae mbali na wajukuu. Mtoto akimeza, hospitali mara moja, bila kusubiri kuona kama itatoka.

Hatua ya 6: Moldi

Moldi ni kile kipande cha plastiki kinachofuata umbo la sikio lake mwenyewe. Mtaalamu huchungulia kwanza, kisha hutanguliza kijipamba chenye uzi ndani ya tundu, kupita kona ya pili. Akikisahau hicho kijipamba mkataze kuendelea, kwa sababu ndicho kinachozuia silikoni kufika kwenye ngoma. Halafu hujaza silikoni laini kwa bomba, na kwa dakika tano hivi mzee hukaa akifungua na kufunga mdomo kidogo, ili moldi ikubali taya linapotembea. Mwenye meno ya bandia ayavae siku hiyo, kwani umbo la tundu hubadilika akiyavua.

Ngumu ya akriliki ni rahisi kuingiza na kusafisha. Laini ya silikoni huziba vizuri zaidi kwa mashine ya nguvu kubwa, ila huwasumbua wenye vidole dhaifu kwa kuwa hujikunja. Tundu dogo la hewa kwenye moldi humwondolea mzee hisia ya kuongea ndani ya pipa. Kwa upungufu mkubwa tundu hilo huzibwa, la sivyo mluzi hauishi.

Hatua ya 7: Siku ya kukabidhiwa

Msiondoke mlangoni mpaka haya yamefanyika mbele yenu. Mtaalamu aunganishe mashine na kompyuta na kuingiza namba za karatasi ya mzee. Akiwa na kifaa chenye kijimrija cha kupima sauti ndani ya sikio, akitumie. Kama hana, apime tena usikivu mzee akiwa amevaa. Zungumza naye kwa sauti ya kawaida ukiwa mita moja, kisha mita mbili nyuma yake. Piga makofi mara moja kwa nguvu: ashtuke kama mtu yeyote, lakini asishike sikio kwa maumivu.

Mwenyewe aivae na kuivua mara tatu, na anayemhudumia mara tatu. Alama nyekundu ni kulia, bluu ni kushoto. Moldi hushikwa kwa kidole gumba na cha shahada, ncha inaingia tunduni ikielekea mbele kidogo, mkono wa pili unavuta sikio juu na nyuma, kisha moldi inazungushwa kwenda nyuma mpaka ile sehemu ya juu ijifiche chini ya mkunjo wa sikio. Kosa la kila siku ni mkunjo huo: moldi ikibaki juu yake, inauma na kupiga mluzi.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Ubongo uliokaa miaka kumi bila kusikia maji yakimiminwa hauwezi kuyapokea yote siku moja. Wiki ya kwanza avae saa moja au mbili kwa siku, nyumbani, na mtu mmoja. Wiki ya pili aongeze mpaka nusu siku. Wiki ya nne avae mchana kutwa, na hapo ndipo sokoni au msibani paanze kujaribiwa. Alalapo na aogapo avue. Sauti yake mwenyewe kusikika ngeni ni kawaida kwa wiki chache. Kidonda, ngozi nyekundu au maumivu si kawaida: avue, moldi irudishwe ikachongwe, asilazimishwe kuzoea.

Nanyi mna kazi. Mwamkie, "Shikamoo baba", kisha subiri ageuke ndipo useme habari. Kaa kwenye mwanga, mita moja, usipige kelele, maana kelele huzipinda zile zile konsonanti mnazotaka zifike. Asipoelewa, badili maneno badala ya kurudia yale yale. Simu ishikwe juu, kwenye maikrofoni ya mashine nyuma ya sikio, siyo tunduni. Au wekeni spika.

Rudini kwa marekebisho baada ya wiki mbili hadi nne, tena baada ya miezi mitatu. Mzee aende na malalamiko halisi: "vijiko vinapiga kelele", "sauti ya mjukuu siipati". Akisema tu "haifai", mtaalamu hana pa kugusa.

Utunzaji na hitilafu

Kila usiku futa mashine kwa kitambaa kikavu, fungua mlango wa betri, uiweke kwenye kopo linaloziba lenye vipakiti vya silika, kama vile vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu, vikiwa bado vikavu. Mchele si mbadala mzuri. Vumbi lake huingia kwenye maikrofoni. Mara moja kwa wiki tenganisha moldi na mashine, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, puliza mrija kwa kipulizio cha mpira, iache ikauke usiku kucha. Mashine yenyewe haioshwi kamwe. Mrija ukiwa wa njano na mgumu, kwa kawaida kati ya miezi mitatu na sita, ubadilishwe. Mafuta ya nywele yapakwe kwanza, mashine baadaye.

Ikipiga mluzi, kagua kwa mpangilio huu: moldi imekaa sawa? Kuna nta sikioni? Mrija umepasuka? Mzee amepungua mwili na moldi imelegea? Sauti imepandishwa mno? Wengi hukimbilia la mwisho na kushusha sauti, kisha mzee hasikii tena.

Ikinyamaza: badili betri, hakikisha upande wenye alama ya kujumlisha umekaa sawa, angalia nta kwenye ncha ya moldi, angalia tone la maji ndani ya mrija, ambalo hujitokeza sana asubuhi za baridi za Juni na Julai. Kisha itenganishe na moldi, uifunike kwenye kiganja ikiwa imewashwa. Ikilia mluzi, mashine ni nzima na tatizo liko kwenye moldi, mrija au sikio. Ikikaa kimya na betri mpya, ipeleke kwa mtaalamu. Fundi simu asiifungue.

Kipimo cha usikivu kirudiwe kila mwaka na mashine ipangwe upya kufuata karatasi mpya. Mashine nzuri hudumu kama miaka mitano. Mwenyewe asipoihitaji tena, moldi itupwe, kwani haimfai mtu mwingine, na mashine irudishwe kliniki pamoja na risiti yake, ifutwe mipangilio na kupangiwa mzee mwingine aliye kwenye orodha.